Kutoka Faili 15 hadi Bilioni Moja: Historia ya Kikomo cha Faili Zilizo Wazi

Kwenye kompyuta nyingi zinazotumia Linux, ukiandika amri ya ulimit -n, jibu linalorudi ni 1024. Namba hiyo inamaanisha kwamba programu moja hairuhusiwi kuwa na faili zaidi ya 1,024 zilizo wazi kwa wakati mmoja. Mashine yenyewe inaweza kuwa na gigabaiti 64 za kumbukumbu na diski ya kuhifadhi mamilioni ya faili, lakini ikifika namba hiyo programu inakataliwa, na kwenye kumbukumbu za matukio kunabaki mstari ambao kila msimamizi wa seva anaujua: Too many open files.

Kikomo hiki kina uzito zaidi kuliko kinavyoonekana, kwa sababu katika mifumo ya ukoo wa Unix karibu kila kitu ni faili. Kibodi ni faili. Bomba linalounganisha programu mbili ni faili. Muunganisho wa mtandao kati ya seva na simu ya mteja nao unahesabiwa hivyo hivyo. Seva iliyowekewa kikomo cha 1,024 haiwezi kuhudumia wateja 2,000 kwa pamoja, hata iwe na nguvu kiasi gani. Nimeona watu wakinunua mashine kubwa zaidi ili kutibu tatizo ambalo lilikuwa mstari mmoja wa usanidi, na ndiyo maana naona historia ya namba hii inastahili kusimuliwa kwa ukamilifu.

Murray Hill: jedwali lililozaliwa na kosa

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix juu ya kompyuta ndogo ya PDP-7. Tangu mwanzo programu ikiomba kufungua faili, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliipa namba ndogo: 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Programu haikugusa faili moja kwa moja. Ilitaja namba tu, na keneli ikatafuta kwenye jedwali lake namba hiyo inaelekeza wapi.

Ritchie mwenyewe aliandika baadaye jinsi jedwali la pili lilivyolazimika kuwapo. Katika siku za PDP-7, mahali ambapo programu imefikia katika kusoma au kuandika faili palihifadhiwa ndani ya mchakato wenyewe, yaani programu inayoendeshwa. Hilo lilikwenda vizuri mpaka watu walipoanza kuandika amri kadhaa kwenye faili moja na kuelekeza matokeo yote sehemu moja. Tuseme amri ya kwanza ni ls, inayoorodhesha faili, na ya pili ni who, inayoorodhesha watumiaji. Shell, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji, ilizaa mchakato mtoto wa kuendesha ls. Mtoto akaandika orodha yake, akasogeza alama yake mwenyewe, kisha akafa. Alama ya shell ilibaki sifuri. Mtoto wa pili, who, akarithi sifuri hiyo na kuandika juu ya kazi ya mwenzake. Orodha ya kwanza ikafutika.

Tiba ilikuwa kutoa alama hizo kutoka kwa mchakato na kuziweka kwenye jedwali moja la mfumo mzima, ili mzazi na watoto wake watumie alama ileile. Muundo huo ungali unatumika leo: kila mchakato una orodha yake fupi ya namba, na kila namba inaelekeza kwenye jedwali kubwa linalotumiwa na wote. Kwa kuwa majedwali ni mawili, vikomo navyo ni viwili, cha mchakato mmoja na cha mfumo mzima. Mkanganyiko mwingi unaowapata wasimamizi hadi leo unatoka hapo.

Toleo la Sita na la Saba: hesabu ya baiti

Toleo la Sita la Unix lilitoka mwaka 1975, na ndilo lililoenea vyuoni. Katika faili yake ya vigezo kuna mistari inayosema wazi: NOFILE ni 15, NFILE ni 100. Mchakato mmoja ulipata faili 15. Mfumo mzima, pamoja na watumiaji wote waliokaa kwenye vituo vyao, ulipata 100. John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alichapa sehemu kubwa ya keneli hiyo pamoja na ufafanuzi wake kwa ajili ya wanafunzi, na nakala zilizodurufiwa za kazi yake zikasambaa kwa miaka mingi. Kwa hiyo kizazi kizima cha wataalamu wa mifumo kilizisoma namba hizo.

Kwa nini 15? Tuangalie kumbukumbu yenyewe. Kila mchakato ulikuwa na eneo la baiti 1,024 ndani ya keneli, na eneo hilo lilibeba habari zake zote pamoja na rafu ambayo keneli hutumia inapouhudumia. Orodha ya faili 15, kila kielekezi kikichukua baiti 2, ilikula baiti 30. Kwenye jedwali la mfumo mzima, faili moja ilichukua baiti 8: alama za hali, idadi ya wanaoitumia, kielekezi cha faili kwenye diski, na mahali palipofikiwa katika kusoma. Nafasi 100 zilikuwa baiti 800. Mchakato kwenye PDP-11, kompyuta iliyoendesha toleo hilo, uliweza kuona kilobaiti 64 tu za kumbukumbu kwa mara moja, na keneli nayo ilibanwa na hesabu hiyohiyo. Walioandika namba hizo walikuwa wanagawana baiti chache walizokuwa nazo, na walizigawa vizuri.

Safu hizo zilipangwa ukubwa wake wakati keneli inakompailiwa. Kuongeza nafasi kulimaanisha kubadili namba, kukompaili keneli upya, na kuzima mashine kisha kuiwasha. Jedwali kuu likijaa, keneli ilichapa maneno mawili kwenye kituo cha msimamizi, no file, na programu iliyoomba ikarudishiwa kosa. Programu iliyovuka kikomo chake yenyewe ilipewa kosa tofauti. Makosa hayo mawili, ENFILE la mfumo na EMFILE la mchakato, yangali na namba zake za zamani, 23 na 24. Mtu akitaka kujua tatizo liko kwenye jedwali lipi, pa kuanzia ni kuangalia ni lipi kati ya hayo mawili limeandikwa.

Toleo la Saba la 1979 lilipandisha NOFILE hadi 20. Namba hiyo ikadumu kupita umri wake, kwani watu walianza kuandika programu wakiamini kwamba 20 ni sheria ya maumbile.

Berkeley: mtandao unaingia kwenye jedwali

Mageuzi makubwa yalitokea Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 liliingiza itifaki za intaneti ndani ya Unix, likaleta soketi, yaani ncha za muunganisho wa mtandao, na soketi ikapewa namba kama faili nyingine yoyote. Uamuzi huo ulikuwa na busara nyingi: programu iliyojua kusoma faili ilijua tayari kusoma mtandao. Lakini tangu siku hiyo kikomo cha faili kikawa kikomo cha idadi ya watu wanaoweza kuhudumiwa.

Toleo hilohilo lilileta mambo mengine mawili yaliyoamua historia yote iliyofuata. La kwanza ni utaratibu wa vikomo viwili kwa kila rasilimali: kikomo laini, ambacho programu inakiishi na inaweza kukibadili yenyewe, na kikomo kigumu, ambacho mtumiaji wa kawaida anaweza kukishusha lakini hawezi kukipandisha. Mwanzoni utaratibu huo ulihusu muda wa prosesa, ukubwa wa faili na kumbukumbu. Idadi ya faili zilizo wazi iliongezwa baadaye.

La pili ni select. Seva yenye wateja kumi haijui nani atazungumza kwanza, na ikimsubiri mmoja wengine watakwama. Select iliiruhusu programu kuiambia keneli: hizi hapa namba zangu zote, niamshe mmojawapo akiwa na neno. Namba hizo zilitumwa kama biti, biti moja kwa kila faili. Kwa kuwa mchakato haukuweza kuwa na faili zaidi ya 20, biti 32 za namba kamili moja ya kompyuta ya VAX zilitosha na kubaki.

Zilitosha kwa miaka mitatu. Toleo la 4.3BSD la 1986 lilipandisha faili za mchakato hadi 64, na orodha ya biti ikageuzwa kuwa safu yenye ukubwa maalumu, 256 kwa chaguo-msingi. Kwenye Linux ukubwa huo ulikuja kuwa 1,024. Ukubwa wa safu hiyo uliandikwa ndani ya kila programu wakati wa kuikompaili, nje ya mikono ya keneli. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa siri ya keneli, na keneli ingeweza kukibadili siku yoyote. Baada ya hapo kilinakiliwa ndani ya maelfu ya programu zilizosambaa duniani, ambazo hakuna mtu angeweza kuziita zirudi.

Madhara yake ni ya kutisha ukiyaangalia kwa karibu. Biti 1,024 ni baiti 128. Programu inatenga baiti hizo 128 kwenye rafu yake, zikihudumia namba 0 hadi 1023. Ikipewa faili namba 1024 na kuiweka kwenye safu hiyo, biti inaandikwa kwenye baiti ya 129, ambayo ni mali ya kitu kingine kabisa: pengine kigezo cha hesabu, pengine anwani ya kurudia baada ya kazi kwisha. Hakuna kosa linalotolewa hapo hapo. Programu inaendelea kwa sekunde au kwa saa kadhaa, kisha inaanguka mahali pasipohusiana na chanzo, au mbaya zaidi, inatoa majibu yasiyo sahihi.

Helsinki, 1991 hadi 2001

Linus Torvalds alipotoa Linux 0.01 mwezi Septemba 1991, aliandika namba ambazo msomaji wa Lions angezitambua mara moja: faili 20 kwa mchakato, 64 kwa mfumo mzima. Ilikuwa kompyuta ya mtu mmoja, na hakuna aliyelalamika. Kufikia keneli 1.0 ya 1994 kila mchakato ulikuwa na nafasi 256.

Waliolalamika walikuja na wavuti. Mwaka 1996 ilitoka Squid, seva inayohifadhi nakala za kurasa ili zisivutwe mara mbili kutoka mbali. Kwa Afrika Mashariki, ambako intaneti ilitegemea setilaiti hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, seva za aina hiyo zilikuwa na thamani ya pekee, maana kila kilobaiti iliyovutwa kupitia angani ililipiwa kwa bei kubwa. Kila ukurasa ulioombwa ulikula angalau muunganisho wa mteja, mara nyingi na muunganisho wa kwenda nje, na pengine faili kwenye diski. Nafasi 256 ziliisha mapema asubuhi, na Squid yenyewe ikaanza kuandika onyo kwamba namba za faili zinakaribia kwisha. Msimamizi alilazimika kutafuta kiraka cha keneli, kukompaili keneli, kisha kukompaili Squid yenyewe upya ili nayo ijue namba mpya.

Kazi hiyo ilipungua keneli ilipoacha safu zisizobadilika. Jedwali la mchakato lilifanywa lianze dogo na kujipanua kadiri faili zinavyofunguliwa, na kikomo cha mfumo mzima kikawekwa kwenye /proc/sys/fs/file-max, ambako kinabadilishwa bila kuzima mashine. Keneli 2.4 ya Januari 2001 ilikokotoa kikomo hicho yenyewe inapowaka, kwa hesabu kwamba faili moja iliyo wazi hugharimu takriban kilobaiti moja na faili zote zisimeze zaidi ya asilimia 10 ya kumbukumbu. Mashine ya gigabaiti moja ilipata hivyo faili kama laki moja. Mchakato mmoja uliweza kuruhusiwa hadi 1,048,576.

Uhaba wa kumbukumbu, ambao ndio uliozaa namba 15, ulikuwa umekwisha. Hata hivyo chaguo-msingi la kila mchakato lilibaki 1,024. Lilibaki hapo kwa ajili ya select, kwa ajili ya zile baiti 128.

Wateja elfu kumi

Mwaka 1999 Dan Kegel, mhandisi wa Marekani, aliuliza swali lililopata jina la C10K: kwa nini seva moja isihudumie wateja elfu kumi kwa wakati mmoja? Vifaa viliweza. Kegel alitoa mfano wa cdrom.com, hifadhi ya faili iliyokuwa miongoni mwa zenye pilikapilika nyingi zaidi wakati huo, ambayo ilikwisha kufikia wateja elfu kumi kwa mpigo. Kilichobana wengine ni jinsi programu zilivyoandikwa.

Kupandisha kikomo peke yake hakukutosha. Select, na hata poll iliyoifuata isiyo na ukomo wa biti, ziliilazimisha keneli kukagua namba zote kila mara ilipoulizwa, hata kama kati ya wateja elfu kumi ni watatu tu wenye neno. Jibu lilikuja kwa njia mbili zinazofanana. Jonathan Lemon aliandika kqueue kwa ajili ya FreeBSD mwaka 2000, na Davide Libenzi akaandika epoll, iliyoingia kwenye keneli ya majaribio ya Linux mwaka 2002. Zote mbili zinaiacha keneli ikumbuke orodha ya namba, na programu inarudishiwa zile tu zilizo tayari. Igor Sysoev wa Urusi alijenga seva ya wavuti ya nginx juu ya wazo hilo na kuitoa hadharani Oktoba 2004.

Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp ilitangaza kwamba mashine yake moja ya FreeBSD imebeba miunganisho zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja. Kila simu iliyounganishwa ilikuwa namba moja kwenye jedwali, kwa muundo uleule uliobuniwa ili who isiandike juu ya ls.

Tabaka juu ya tabaka

Kadiri keneli ilivyolegeza, ndivyo mahali pa kuweka kikomo palivyoongezeka, na hapa ndipo kazi ya usanidi ilipokuwa ngumu. File-max inahusu mfumo mzima. Mwaka 2008 iliongezwa fs.nr_open, inayoweka dari ambayo hakuna mchakato unaoweza kuipita. Faili ya /etc/security/limits.conf husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo. Ulimit inahusu shell moja na watoto wake.

Kisha mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianzisha systemd, ambayo leo ndiyo inayowasha huduma kwenye matoleo mengi ya Linux. Huduma inayowashwa na systemd haipitii mlango huo wa kuingia, kwa hiyo haisomi limits.conf hata kidogo. Inasoma LimitNOFILE kwenye faili yake ya huduma. Ni hapa watu wengi wanapopoteza usiku. Mtu anaandika 65536 kwenye limits.conf, anaingia upya, anaandika ulimit -n na kuona 65536, anaondoka ameridhika, na hifadhidata yake inaendelea kuanguka ikifika 1,024. Ukweli wa mchakato unaoendeshwa uko sehemu moja tu: /proc, ndani ya saraka yenye namba ya mchakato huo, kwenye faili iitwayo limits. Ningependa kila mafunzo ya usimamizi wa seva yaanze na faili hiyo kabla ya kumwonyesha mtu faili yoyote ya usanidi.

Desemba 2018: kikomo kigumu chafunguliwa

Toleo la 240 la systemd lilitoka Desemba 2018 na uamuzi uliofikiriwa vizuri. Kikomo kigumu, ambacho keneli ilikiacha 4,096, kilipandishwa hadi 524,288. Kikomo laini kiliachwa 1,024 kwa makusudi. Programu za kale zinazotumia select zitabaki salama chini ya 1,024 bila kufanya lolote. Programu mpya inayojua kwamba haitumii select itajipandishia kikomo laini hadi kigumu inapoanza. Watungaji wake walieleza wazi kwamba kumbukumbu inayotumiwa na faili sasa inahesabiwa vizuri na keneli, hivyo kikomo hiki hakina tena kazi ya kulinda kumbukumbu. Kwa sababu hiyohiyo systemd ilipandisha file-max na nr_open hadi mwisho wa uwezo wake.

Huko kwenye nr_open ndiko mambo yalikoharibika. Huduma za Docker na containerd, zinazoendesha makontena, zilikuwa zimeandikiwa LimitNOFILE=infinity, yaani bila kikomo. Zamani neno hilo lilimaanisha nr_open ya kawaida, faili zipatazo milioni moja. Sasa likamaanisha 1,073,741,816. Tena halikumaanisha hivyo kila mahali, kwa kuwa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliuondoa upandishaji huo wa nr_open. Kontena lilelile lilifanya kazi vizuri kwenye mashine moja na kukwama kwenye nyingine.

Lilikwama kwa sababu ya desturi ya siku za NOFILE 20. Programu ya kukaa nyuma ya pazia, inapoanza, ilifundishwa kufunga namba zote kuanzia 3 hadi kikomo, ili isirithi faili za mzazi wake. Kwa kikomo cha 20 hiyo ni miito 17. Kwa kikomo cha bilioni moja, hata mashine ikifanya miito milioni kumi kwa sekunde, kufunga huko kunachukua zaidi ya dakika moja na nusu, na programu inayozaa watoto mara kwa mara inarudia kazi hiyo kwa kila mtoto. Hifadhidata ya MySQL ya matoleo ya zamani ilitenga nafasi ya kumbukumbu kwa kila namba iliyoruhusiwa. Baiti 16 kwa kila namba zinafika gigabaiti 16 kabla hata jedwali moja la data halijafunguliwa.

Marekebisho yalikuja pole pole. Keneli 5.9 ya Oktoba 2020 iliongeza close_range, kazi ya Christian Brauner, inayofunga namba zote za kuanzia fulani hadi fulani kwa wito mmoja. Kufikia 2024 Docker na containerd ziliondoa neno infinity kwenye faili zao za huduma na kuyaacha makontena yarithi vikomo vya systemd. Lugha ya Go, ambayo Docker yenyewe imeandikwa kwayo, ilikuwa imeanza tangu toleo la 1.19 la Agosti 2022 kupandisha kikomo laini hadi kigumu programu inapoanza. Watunzaji wake walionya tangu siku ya kwanza kwamba programu za kale za C zinazowashwa na programu ya Go zitarithi kikomo kikubwa kuliko zinavyoweza kumudu. Baadaye walirekebisha: Go sasa inakumbuka kikomo laini ilichokikuta na kumrudishia mtoto kabla ya kumwasha, ili mtoto huyo, kama bado anatumia select, aanze na 1,024 zake.